Simu Isiyo na Kadi

Atumani aliondoka nyumbani Jumanne, tarehe kumi na moja ya mwezi wa sita, siku tano kabla ya Idi ya kuchinja. Alikunywa chai akiwa amesimama. Alimwambia binti yetu Feza asianze kuwaahidi majirani nyama, kwa sababu mbuzi mwenyewe bado alikuwa akila majani kule Salamabila alikokuwa anakwenda na habari zetu hana. Feza alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Kisha Atumani akafungua ile simu yake yenye kioo kilichopasuka, akatoa kadi ya laini, akaniwekea kiganjani.

"Ikae kwako," alisema. "Simu bila kadi ni chuma tu. Hakuna mutu anaweza kuifuata."

Emile alikuwa nje anafunga dumu la mafuta nyuma ya pikipiki. Walikuwa marafiki tangu darasa la tatu. "Shemeji," aliniambia, "mume wako nitakurudishia na vumbi lake lote." Nikamjibu kwamba vumbi abaki nalo mwenyewe. Wakaondoka. Kiangazi kilikuwa kimeanza, barabara ya Kabambare ilikuwa nyekundu na kavu, na niliwatazama mpaka walipopotea kwenye kona. Sijamwona Atumani tena.

Alichokuwa anakwenda kufanya nitakisema wazi, maana baadaye watu walisema mengi. Mwezi wa pili wa mwaka ule, katika chimbo la Mutalani, mbele ya Salamabila, walinzi wa mgodi walilipua baruti wakati wachimbaji wako chini. Walinzi wale tuliwaita Makofia Mekundu, kwa sababu ya kofia zao. Watu tisa walifunikwa. Makofia Mekundu walisema shimo lilikuwa tupu, na kwamba wale tisa walikuwa wamehamia Kivu kutafuta dhahabu nyingine. Walihama, basi, bila viatu. Viatu vyao vilikuwa vimepangwa mdomoni mwa shimo, jozi tisa, kama mlangoni mwa msikiti.

Atumani alikuwa mwandishi wa kamati ya wachimbaji. Alikuwa amemaliza sekondari, na mwandiko wake ulisomeka. Baada ya baruti aliacha kuandika akaanza kupiga video. Alikwenda nyumba kwa nyumba kambini, wajane na mama za marehemu wakasema mbele ya simu yake: mume wangu jina lake fulani, aliingia shimoni saa fulani, viatu vyake ni hivi. Mara mbili alikwenda, mara mbili alirudi na kumpa wakili wetu hapa Kasongo, maître Raphaël, kila alichokipata. Safari ya tatu ilikuwa kwa ajili ya mjane mmoja aliyekuwa ameogopa, kisha akakubali.

Kadi aliitoa kila safari. Kila mtu alijua Makofia Mekundu wana njia za kufuata namba. Hilo tulilijua. Tulijiona wajanja.

Emile alirudi Jumatano jioni, peke yake. Alikaa kwenye kiti cha Atumani bila kuambiwa, akaomba maji, hakuyanywa. Nitaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu siku ile sikuyasikia vizuri.

"Tulifika barieri, kizuizi cha Makofia Mekundu, saa saba mchana. Kulikuwa piki tatu na wamama wa mafuta ya mawese. Mulinzi mumoja alitoka na kioo kidogo mukononi, kama simu kubwa. Akauliza, 'Papa Feza ni nani hapa?' Akatembea. Akaenda kwa wamama, akarudi. Akaenda kwa piki ya kwanza, akarudi. Alikuwa anatembea na kile kioo kama mutu anatafuta rezo ya simu, na pale rezo haiko. Akafika kwetu. Akasimama. Akamuangalia Atumani, akacheka. 'Papa Feza,' akasema, 'unaitwa, hauitiki?'"

"Na wewe?" nilimuuliza.

"Mimi walinisukuma. Walisema dereva aende. Shemeji, nilisimama mupaka walinipiga na kitako cha bunduki."

Alinionyesha bega. Lilikuwa limevimba. Nililiona, na sikulijali.

Kuna jambo ambalo mgeni wa Kasongo anapaswa kulijua. Kwetu mtu akishapata mtoto wa kwanza, jina lake mwenyewe linapumzika. Mimi ni Mama Feza. Mume wangu alikuwa Papa Feza sokoni, msikitini, kwa fundi viatu. Lakini Mutalani hakuna aliyemwita hivyo. Kule alikuwa Sekretere. Hakutaka jina la mtoto wake litamkwe mahali pale, na katika watu wote waliofika kule ni mmoja tu aliyelijua, kwa sababu alitoka naye mtaa mmoja. Emile.

Idi ilipita. Feza hakuuliza juu ya mbuzi. Wiki ya tatu, mwanamke aliyekuwa akiwapikia Makofia Mekundu alituma neno kupitia mwuza chumvi: asisubiriwe tena. Hakusema zaidi, na mwili hatukupewa. Baba mkubwa Abdoul, kaka wa marehemu baba mkwe wangu, ndiye aliyeamua kwamba neno lile linatosha. Wanaume wakamsalia Atumani sala ya maiti asiyekuwepo, nami nikaingia eda.

Siku ya pili ya kilio Emile alikuja na mama yake na gunia la makaa. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nyuma ya pazia. Nje nilisikia salamu, kisha nikasikia baba mkubwa akikohoa kile kikohozi chake cha kabla ya kusema.

"Emile. Karibu. Makaa umeleta, aksanti. Sasa tuletee na maneno. Kwa nini wewe walikuachia?"

"Mzee, nilikwisha kusema. Hawakuniuliza jina."

"Hawakukuuliza. Watu wa bunduki, wenye adabu namna hiyo. Na simu yako ilikuwa wapi?"

"Mufukoni. Ilikufa chaji tangu asubuhi."

"Ilikufa siku hiyo hiyo! Simu yako inajua kuchagua siku ya kufa."

Watu walicheka. Katika kilio, watu walicheka. Emile alianza tena habari ya mlinzi aliyekuwa akitembea na kioo kama anayetafuta rezo, na mtu mmoja akasema, "Mwacheni, anatafuta rezo ya kudanganya." Wakacheka tena.

Hapo mimi, Djamila, mtu ambaye hata sokoni sijui kupandisha sauti, nilipiga kelele kutoka nyuma ya pazia. "Emile! Jina la Papa Feza waliambiwa na nani?"

Nilisikia tu mama yake akisema, "Mwanangu, simama, tuondoke." Mjane alikuwa amekwisha kuuliza, baada ya hapo hapakuhitajika hakimu. Wiki ile ile dirisha la mama yake lilivunjwa kwa mawe. Wiki iliyofuata matairi ya pikipiki yalichanwa. Abiria wakaacha kupanda kwake. Kabla ya mwisho wa mwezi wa saba alikuwa amekwenda Nyangwe, kwa mjomba wake anayevua Lualaba, na sisi tukasema: si mnaona? Amekimbia.

Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani, na kazi yangu ilikuwa moja, kumchukia Emile. Niliifanya vizuri. Nilimchukia nikisali, nilimchukia nikimsuka Feza nywele. Nilikumbuka kila sahani aliyokula kwangu. Hasira ina faida kwa mtu aliyefungiwa: inajaza chumba, na huhitaji kutoka.

Eda ilikwisha katikati ya mwezi wa kumi na moja. Siku ya tatu nilikwenda kwa Falonne, fundi wa simu, mwenye meza nyuma ya wauza samaki wakavu. Déo, aliyesoma na Atumani, alikuwa amemwachia Falonne picha za kunipa: Atumani harusini, Atumani akiwa amefunga macho kwa sababu ya jua. Nilizitaka zote, hata mbaya.

Falonne alikuwa anasugua tumbo la simu kwa mswaki. "Pole sana, Mama Feza. Kaa hapo. Usikalie ile spika, ni ya katekista, nikiiharibu ataniombea vibaya. Leta simu yako, nifungue bluetooth nikutumie."

Alifungua. Akanigeuzia kioo nione. Ikatokea orodha: *Mama Laura. Jean-Marie Boutique. Papa Yassine. Chef wa Soko.*

"Hawa ni nani?" niliuliza.

"Ni simu za watu wanaopita. Angalia, Papa Yassine ni yule pale na samaki wake."

Papa Yassine alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwetu, anafukuza nzi. Nilimjua. Nilijua na simu yake. Alikuwa akiijaza mawaidha na kusikiliza mchana kutwa.

"Ile simu haina kadi," nilisema.

"Haina, tangu mwaka jana. Anasema watoto walikuwa wanamwombaomba vitu."

"Sasa jina lake limefikaje hapa?"

Falonne alinitazama kama ninavyomtazama Feza anapouliza kwa nini mto hauishi. "Mama, kadi ni ya kuongea na mnara. Hii haihitaji mnara. Simu yenyewe inasema. Kila mara inasema, mimi Papa Yassine, niko hapa, mimi Papa Yassine, niko hapa. Weye hauisikii. Simu nyingine inaisikia."

"Hata porini? Hata mahali rezo haiko?"

"Hata ndani ya kaburi, kama chaji iko."

Alisema hivyo, kisha akaweka mkono mdomoni. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuuliza swali lingine.

"Na mtu akitembea na chombo cha kusikiliza, anaweza kujua simu iko kwa nani?"

"Viko vyombo vya namna hiyo. Ukikaribia, alama inapanda. Ukienda mbali, inashuka. Unatembea tu, kama unatafuta rezo."

Nilisimama, kiti kikaanguka juu ya spika ya katekista.

Maana jina lile nililiandika mimi. Mwaka uliotangulia, katika harusi ya mdogo wangu, watu wote walikuwa wakirushiana video, na simu zote mpya zilikuwa na jina moja la kiwandani. Video za bibi harusi zilikuwa zikienda kwa wapishi na wageni wa mtaa wa pili. Ndiyo sababu wanawake wote tulikaa chini tukaziandikia simu majina ya nyumbani, kama tunavyoandika majina chini ya sahani tunazoazima msibani. Nilichukua simu ya mume wangu nikaandika *Papa Feza*. Nikaiweka ionekane daima, ili video zisipotee. Nikamrudishia. Hakuwahi kuangalia. Alitoa kadi, akaficha simu kifuani, akatembea katikati ya watu waliomuua akiwa na kitu kinachotangaza jina la mtoto wake kwa yeyote mwenye chombo cha kusikia.

Nami nilimuuliza Emile mbele ya watu: waliambiwa na nani?

Nilikwenda kwa baba mkubwa Abdoul siku hiyo hiyo, dukani kwake, katikati ya vitenge. Nilimweleza mara mbili. Alisikiliza huku akikunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

"Mwanangu," alisema, "unataka niende kumpigia magoti mutu kwa sababu ya hadithi ya fundi wa simu?"

"Sitaki uamini, baba. Nataka usikie kwa masikio yako. Twende barieri."

"Weye una wazimu wa eda."

"Chagua jina. Jina ambalo hakuna aliye hai anaitwa hivyo. Usiniambie mimi, mwambie Falonne peke yake. Aliandike kwenye simu isiyo na kadi. Tupite. Wasipolisema, sitalitaja jambo hili tena mpaka nife."

Mteja aliingia, akatoka. Hatimaye baba mkubwa alichukua koti lake. Alichukia kubishana na mwanamke kuliko alivyochukia safari.

Tuliondoka Alhamisi ya mwisho wa mwezi, pikipiki mbili, madereva wawili wasiotujua vizuri, katoni za sabuni nyuma yetu. Mvua ilikuwa imeharibu barabara; mahali pengine tulishuka tukasukuma, na baba mkubwa, mwenye miaka sabini na moja, alisukuma akiwa ameshika kanzu kwa meno. Simu ya Falonne nilikuwa nimeizika ndani ya mfuko wa unga wa muhogo. Sikujua ina jina gani.

Kizuizi kilikuwa mti uliolazwa njiani, kibanda, na nguzo. Juu ya nguzo kulikuwa na sanduku la rangi ya majivu, si kubwa kuliko katoni ya sabuni, na kando yake kibao cha kushika jua. Watu wote wa njia ile walidhani ni taa. Taa isiyowaka hata siku moja, na hakuna aliyejiuliza.

Mlinzi mwenye kofia nyekundu alitoka na kioo mkononi. Alikuwa na afya, na uso wa mtu aliyekula.

"Karibuni, karibuni! Leo kuna watu wazito." Akatazama kioo. Akatutazama. Akaangalia kioo tena, akaanza kutabasamu. "Sasa Bibi Mwayuma ni nani? Ni weye, mama? Hapana, weye bado kijana, nani amekupa ubibi?" Akapita mbele ya pikipiki ya baba mkubwa, akarudi kwangu, akasimama mbele ya mfuko wa unga. Akaupiga teke kidogo. "Bibi Mwayuma! Toka mu unga, bibi, usione haya!"

Wenzake kibandani walicheka.

Mwayuma alikuwa mama mzazi wa baba mkubwa Abdoul. Alikufa mimi sijazaliwa.

"Nani," baba mkubwa alisema, "nani amekupa jina hilo?"

"Mzee, hapa hatupewi jina. Jina linakuja lenyewe." Alionyesha juu ya nguzo kwa kidevu, kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga. "Ile kitu inajua kila simu inayopita hapa. Nani amepita, mara ngapi, siku gani. Inajua na wale wanaozunguka nyumba kwa nyumba kambini, maana kule iko ndugu yake."

"Simu yenyewe haina kadi," nilisema.

"Kadi!" Alicheka kwa furaha ya kweli. "Wote wanatoa kadi. Wajanja wote. Mama, toa kadi, kula kadi, tupa kadi mu muto Luama. Ile kitu haiulizi kadi."

"Na mukimupata mujanja?"

Kicheko kilikatika. Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya sabuni yake ya kunawia.

"Mama, unauza sabuni ao unauza maswali?"

"Sabuni," nilisema.

Akachukua vipande vinne vya sabuni, akainua mti. Tulipita. Nilikuwa nimeuma ulimi mpaka damu ikatoka, na nilimeza ile damu, kwa sababu kama ningeitema pale ningetema na mengine yote.

Mbele kidogo, baada ya kona, baba mkubwa alimwambia dereva asimame. Alishuka, akaingia majanini, nikadhani anataka kukojoa. Alikuwa amesimama tu, mgongo wake kwetu.

"Amemwita mama yangu kama anaita kuku," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nilicheka. Siku ile, kwenye kilio. Habari ya rezo. Mimi ndiye nilianza kucheka."

Nilitaka kumwambia kwamba si kosa lake. Mwanamke mwema angesema hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka na wema. "Ulianza," nilimwambia, "na mimi nilimaliza. Sasa tutakwenda Nyangwe."

Tulikwenda wiki ya pili ya mwezi wa kumi na mbili. Emile alikuwa ufukoni, anapaka lami mtumbwi wa mjomba wake. Alikuwa amekonda. Alituona kwa mbali, akaendelea kupaka, na tulipofika alimaliza kwanza ufa aliokuwa ameuanza.

Baba mkubwa alisema yote, akiwa amesimama kwenye tope, bila kukohoa. Alisema tulikosea, alisema habari ya sanduku, alisema jina la mama yake. Nami nikasema langu: kwamba jina nililiandika kwa mkono wangu, na kwamba swali lile nyuma ya pazia nilijiuliza mimi mwenyewe bila kujua.

Emile alisikiliza. Kisha akatupa brashi ndani ya kopo.

"Niliwaambia," alisema. "Siku ya kwanza, Mama Feza, kwenye kiti cha Atumani. Niliwaambia yule mutu alikuwa anatembea kama anatafuta rezo. Niliwaambia mara ngapi?"

"Ulituambia."

"Mlicheka." Hakuniita shemeji. "Munajua nini kingine niliona siku ile? Hamujui. Gari waliyomuingiza, niliona namba yake, niliiandika kwa kidole mu mavumbi ya tangi ya piki nisisahau. Wawili wao niliona uso mpaka leo nikifumba macho. Mumoja walimwita kwa jina. Nilirudi Kasongo ninajua vile vyote, na ninyi mliniuliza kitu kimoja tu: nimemuuza kwa nani. Miezi sita! Sasa ile gari iko wapi? Wale watu wako wapi?"

Baba mkubwa alifungua mdomo.

"Mzee, usinipe pole. Pole ya nini? Mama yangu analala mu nyumba bila dirisha mvua inaingia. Mulinipigia mawe wakati wao wanakunywa chai chini ya ile sanduku yao. Wangependa nini zaidi? Muliwafanyia kazi bure."

Hakuna neno katika haya nililoweza kukataa. Nilikuwa nimekuja na hasira yangu nikidhani ni kubwa kuliko ya mtu yeyote, na pale kwenye tope niliona ya Emile, nikajua yangu nilikuwa nimeilisha miezi minne kwa nyama yake.

Nilimwambia Emile kwamba maître Raphaël anahitaji shahidi, kwamba video za wajane zipo lakini hakuna aliyeona Atumani akichukuliwa isipokuwa yeye. Sikumwomba. Nilisema tu.

"Nitakuja kwa avoka Raphaël," alijibu. "Kwa Atumani nitakuja. Kwenu sitakuja. Musinipikie, musinitandikie."

Akaokota brashi.

Alikwenda kwa wakili wiki iliyofuata, akaandikisha namba ya gari, nyuso mbili na jina moja. Baba mkubwa alituma seremala atie dirisha kwa mama yake Emile. Mama alimkubali seremala, akakataa salamu. Falonne amekuwa mkali: simu yoyote ikifika mezani kwake, hata imekuja kwa kioo tu, anazima bluetooth kwanza ndipo anauliza shida. Sanduku bado liko juu ya nguzo. Magari yanapita chini yake, na pikipiki, na wamama wa mawese, kila mmoja na jina la mwanawe kifuani.

Watu wananiambia nipunguze hasira, kwamba haimrudishi marehemu. Najua haimrudishi. Nimeipunguza mahali pamoja tu, pale ilipokuwa ya uongo. Iliyobaki naishika.

Kesi dhidi ya Makofia Mekundu itasikilizwa hapa Kasongo Jumatatu, tarehe kumi na saba ya mwezi wa pili, saa tatu asubuhi. Emile atakuja na pikipiki kutoka Nyangwe, atasema alichokiona, na atarudi siku hiyo hiyo.